Kadi ya Tarehe Kumi na Nne

Daftari la Mama Pacha ndilo lililotolewa kwanza mezani, kwa sababu ndilo lililokuwa zuri kuliko yote. Meneja wa ubora alilifungua mwenyewe mbele ya wakaguzi wawili wa dawa na vifaa tiba, akaligeuza upande wao, akasogea nyuma kidogo kama mtu aliyewatandikia wageni kitanda. Kurasa zilikuwa safi. Tarakimu zilikaa kwenye mistari yake bila hata moja kumkanyaga mwenzake. Hakukuwa na doa wala mkato, wala mahali ambapo kalamu ilisita.

Mkaguzi mwanamke, yule mwenye miwani iliyofungwa kamba, alifunua kurasa kumi. Kisha akauliza, "Hicho chumba cha mvuke kina joto kiasi gani?"

"Siku nyingine unaweza kukaanga yai ukutani," meneja akajibu, akacheka.

"Na huyu anayeandika hatoki jasho?"

Meneja akaacha kucheka.

Kiwanda kilikuwa kidogo. Kilitengeneza shashi, vile vitambaa vyepesi vyeupe vinavyotumika hospitalini kufunga vidonda na kukausha damu wakati wa upasuaji. Shashi zikishakatwa na kufungwa, ziliingizwa kwenye mtambo mkubwa wa mvuke ambao wafanyakazi waliuita Jungu, zikapikwa mpaka kusibaki mdudu hai. Kazi ya Mama Pacha ilikuwa kulijaza Jungu, kulifunga, kusoma joto kwenye saa yake, na kuliandika. Joto lilitakiwa lifike nyuzi mia na ishirini na moja, na libaki hapo au juu kidogo ya hapo mpaka muda utimie.

Wakamwita. Alikuja na kofia ya plastiki kichwani, glavu mkononi, uso umelowa.

"Mama, hati hii ni ya nani?" mkaguzi aliuliza.

Mama Pacha alilitazama daftari. Alimtazama meneja. "Yangu," akasema.

"Naomba uniandikie hapa. Leo, saa nne, mia na ishirini na moja."

Alipewa kalamu. Aliishika kama mtu anavyoshika mwiko wa mtu mwingine. Akaandika polepole, midomo ikimsaidia. Moja ya kwanza iliegemea kulia, mbili ikajikunja kama mdudu aliyeguswa, na moja ya mwisho ikaanguka chini ya mstari. Nyuma ya kioo, msichana mmoja wa idara ya kufungasha alijiziba mdomo.

Mkaguzi hakucheka. Alisema tu, "Asante, mama," kwa sauti ya upole, na upole huo ulimchoma Mama Pacha kuliko kile kicheko cha nyuma ya kioo.

Kisha mkaguzi akafungua karatasi ndefu ambayo Jungu lenyewe huchora mstari juu yake, joto likipanda na kushuka. Akaweka kidole kwenye tarehe kumi na nne ya mwezi uliopita. Mstari ulipanda, ukafika juu, halafu ukaporomoka hadi mia na kumi na mbili. Baada ya hapo hapakuwa na mstari tena mpaka kesho yake asubuhi. Kwenye daftari, tarehe hiyo hiyo, kulikuwa na mia na ishirini na moja iliyonyooka kama askari wa gwaride.

"Nieleze," mkaguzi alisema.

Mama Pacha aliinamia karatasi, akaanza kuhesabu siku kwa vidole.

Wakaguzi walipoondoka waliacha hoja tisa. Nane zilikuwa za milango isiyofungwa vizuri, ndoo isiyo na lebo na mambo ya aina hiyo. Ya tatu ilikuwa ya Mama Pacha, na ndiyo pekee iliyopigwa mstari chini. Kiwanda kilipewa siku kumi na tano za kazi kujibu. Maboksi mia mbili ya bechi, yaani mzigo uliopikwa pamoja tarehe kumi na nne, yalikuwa tayari yametawanywa hospitali nne. Yalizuiwa yote, na yale machache yaliyokwisha kutumika, hakuna aliyejua yalitumika juu ya kidonda cha nani. Kama jibu halingeeleweka, chumba cha mvuke kingefungwa, na wanawake kumi na tisa wa shashi wangekwenda nyumbani pamoja na Mama Pacha.

"Sikufukuzi," meneja alimwambia langoni. Alikuwa kijana, tai imemkaa upande. "Ila usije kazini mpaka nikuite. Na ufikirie. Ukinidanganya tena kama ulivyowadanganya wale, mimi na wewe tutazama pamoja."

Baba Pacha alikuwa fundi viatu. Alifanyia kazi barazani kwake, kwenye kiti kisicho na mgongo, na alipomwona mkewe anaingia saa saba mchana alijua. Mama Pacha hakuwahi kurudi saa saba tangu aajiriwe.

"Wamekupa likizo?" alijaribu.

"Wamenipa muda wa kufikiria."

"Hiyo kazi mbona hapa nyumbani unaifanya bure?"

Hakucheka. Alikaa sakafuni, akavua viatu, akaeleza yote. Alipofika kwenye daftari, sauti ilishuka, kwa sababu ndani ya chumba, karibu na dirisha, mama mkwe wake alikuwa ameketi na gazeti la wiki iliyopita, akisahihisha makosa ya wahariri kwa kalamu nyekundu.

Mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Alikuwa amestaafu miaka mingi, lakini mkono wake haukustaafu. Mwaka jana tu, Mama Pacha alipopewa kazi ya Jungu, alirudi nyumbani na daftari chini ya kanga ili ajifunze kuandika bila kuchekwa. Mwalimu alilikuta. Alilitazama ukurasa kwa ukurasa kama mtu anayetazama chakula kilichoingia mchanga. Tangu siku hiyo waliweka utaratibu. Kazini, Mama Pacha aliandika kwa penseli kwenye vipande vya kadibodi nyeupe, vile vya kutenganisha shashi ndani ya boksi. Kadi moja kwa siku. Ijumaa alileta kadi na daftari nyumbani, na Mwalimu akanakili kila kitu kwa ile hati yake iliyowahi kusifiwa na mkaguzi wa shule. Meneja aliposifu usafi wa daftari mbele ya wenzake, Mama Pacha aliinamisha kichwa, na watu wakadhani ni unyenyekevu.

"Niulize jambo lisilonihusu," Mwalimu alisema kutoka ndani, "ni joto gani hilo lililoleta matata?"

Waliangaliana. Mwalimu hakuwa kiziwi. Alichagua tu wakati wa kusikia.

"Mia na kumi na mbili, Mama," Mama Pacha akajibu. "Tarehe kumi na nne. Daftari linasema mia na ishirini na moja."

Kalamu nyekundu ilisimama.

"Kadi ilisema mia na kumi na mbili," Mwalimu alisema polepole. "Naikumbuka. Moja, moja, mbili. Nikasema, huyu mtoto amechoka, amezigeuza. Kila siku ni mia na ishirini na moja, kila siku, halafu leo tu iwe mia na kumi na mbili? Nikasahihisha."

"Ulisahihisha," mwanawe akarudia.

"Ndiyo kazi yangu! Miaka thelathini na moja mtoto akigeuza tarakimu namgeuzia."

"Lakini Mama, ile haikuwa hesabu ya darasani. Yalikuwa maradhi ya watu."

Mwalimu alikunja gazeti mara mbili, mara nne, mpaka likawa dogo halikunjiki tena.

Mama Pacha alikuwa ameinua uso. "Mama, chini ya hiyo mia na kumi na mbili, hapakuwa na kitu kingine?"

"Kulikuwa na mstari mwingine. Na tepe zako zile za kubandika. Maneno sikuyasoma, nilitafuta tarakimu tu; nilidhani umeandika mara mbili kwa kuhangaika, nikachukua moja."

"Nilirudia!" Mama Pacha alisimama. "Umeme ulikatika, Jungu likapoa, kalamu yake ya kuchorea ikakwama. Umeme uliporudi nikapika bechi nzima upya. Tangu saa nne najiuliza, nilirudia siku ile au siku nyingine? Nilirudia, Baba Pacha! Na nikabandika pundamilia mbili!"

Pundamilia lilikuwa jina la wafanyakazi la utepe mweupe unaobandikwa kwenye kila mzigo. Ukipata mvuke wa kutosha hutoa mistari myeusi. Usipopata, hubaki kama ulivyoingia. Hakuna aliyemwagiza, lakini kila Jungu lilipofunguliwa, Mama Pacha alikata kipande akakibandika kwenye kadi, kwa sababu mistari aliielewa upesi kuliko tarakimu.

"Kadi ziko wapi?" alimuuliza mumewe.

Baba Pacha alikuwa ameangalia pembeni. Alikuwa anatazama kisu chake cha kukatia ngozi.

"Niambie hukufanya hivyo."

"Ni kadibodi ngumu, nyeupe, safi," Baba Pacha alisema. "Ungeitupa wewe? Ndani ya kiatu inakaa kuliko soli ya dukani."

Walimwaga gunia zima la kadi barazani. Pacha wao waliporudi kutoka shule walipewa kazi ya kupanga kadi kwa tarehe, wakabishana kama kawaida yao, mmoja akidai sita ni tisa. Ilipofika saa kumi zote zilikuwa zimepangwa sakafuni mpaka mlangoni, na wageni wawili waliokuja kuchukua viatu walizunguka kwa nyuma. Kadi tano hazikuwapo. Tatu zilikuwa za juzi juzi, kwenye kiatu kilichokuwa bado mezani. Mbili zilikuwa za tarehe kumi na tatu na kumi na nne.

Baba Pacha alifumba macho. Alikuwa mtu wa kusahau siku ya kuzaliwa kwa wanawe, lakini mguu hakuwahi kuusahau. "Kadi mbili pamoja," alisema. "Namba arobaini na tano. Mguu mpana, kidole kidogo kimepanda juu ya mwenzake." Akafumbua macho. "Askari wa benki."

Askari wa benki alisimama kwenye ngazi za benki, bunduki begani, akiangalia watu kana kwamba kila mmoja alikuwa na mpango. Alipomwona fundi wake anakuja na mkewe, na nyuma yao bibi kizee anayehema, alilegeza uso.

"Fundi! Umeanza kufuata madeni? Mimi nilikulipa."

"Sikufuata deni, kaka. Nimefuata kiatu."

"Kiatu gani?"

"Hicho ulichovaa."

Askari alitazama chini. "Kina kasoro?"

"Hakina. Ndiyo maana nakihitaji."

"Baba Pacha, mimi niko kazini. Nilinde benki kwa mguu mmoja?"

"Utalinda kwa macho," Mwalimu alisema, akipanda ngazi ya kwanza. "Mguu haupigi risasi. Vua, mwanangu, tuna haraka."

Alikuwa na sauti ile ambayo darasa la watoto sitini liliwahi kunyamaza kwa ajili yake. Askari alijikuta ameegemea nguzo na kuinua mguu. Wateja waliokuwa kwenye foleni waligeuka. Mmoja akauliza kama ndiyo utaratibu mpya wa ukaguzi. Soksi ya askari ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba, akajaribu kulificha kwa kiatu cha pili, na hapo Baba Pacha akamwomba na hicho cha pili.

Kiatu cha kulia kilitoa tarehe kumi na tatu. Cha kushoto Baba Pacha alikifungua kwa kisu taratibu, kama mtu anayetoa mwiba. Kadi ilitoka imepinda, imekuwa ya kahawia, yenye harufu ambayo hakuna aliyeitaja. Alama ya kisigino ilikuwa katikati. Mama Pacha aliipokea kwa mikono miwili.

Penseli haikuwa imefutika. Wino ungeyeyuka kwa jasho la siku mbili. Penseli ilikuwa imebaki, hafifu kidogo, na tarakimu zake zile zile za kuanguka anguka. *14. Saa 5. 112. Umeme umekata. Narudia.* Na chini yake: *Saa 8. 121. Imekaa mpaka mwisho.* Pembeni kulikuwa na vipande viwili vya utepe. Cha kwanza kilikuwa kimebaki bila mstari hata mmoja. Cha pili kilikuwa na mistari myeusi mitano, kamili.

Mama Pacha alikaa kwenye ngazi za benki akalia, na askari, aliyekuwa amesimama na soksi tupu, akauliza kwa sauti ndogo, "Fundi, kwani ndani ya viatu vyangu mlikuwa mmeficha nini?"

Asubuhi iliyofuata Mama Pacha alikwenda kwa meneja akiwa na kadi ndani ya mfuko wa plastiki. Alitaka kwenda peke yake. Mwalimu alikuwa ameshavaa viatu.

"Wewe utasema uliyoyafanya wewe," Mwalimu alimwambia. "Ya kwangu nitayasema mwenyewe."

Meneja aliwakaribisha viti. Mwalimu alikataa kukaa. Alisimama mbele ya meza, mikono nyuma, na kwa mara ya kwanza katika maisha ya Mama Pacha ndani ya familia ile, alimwona mama mkwe wake hajui aanzie wapi.

"Hati ile ni yangu," alisema hatimaye. "Huyu aliandika sahihi. Mimi niliandika vizuri."

Meneja alitazama kadi muda mrefu. Aliigeuza, akainusa bila kukusudia, akaiweka chini haraka. "Hii ilikuwa wapi?"

"Kwenye kiatu cha askari wa benki," Mama Pacha akasema.

"Nitaandika hivyo kwenye majibu ya serikali?"

"Andika," Mwalimu alisema. "Neno *askari* lina herufi sita, usikosee."

Meneja alicheka mpaka akashika paji la uso. Lakini alipomaliza kucheka alisema mambo mawili kwa uso mkavu. La kwanza, Mama Pacha angepewa onyo la maandishi, kwa sababu kitabu cha kiwanda hakitoki kiwandani na hakiandikwi na mtu ambaye hakuwa mbele ya mtambo. La pili, kadi peke yake haikutosha. Kwenye stoo kulikuwa na pakiti za akiba za bechi ile, zilizowekwa kwa ajili ya siku mbaya kama hii. Zingepelekwa maabara, zilowekwe kwenye chakula cha vijidudu siku kumi na nne. Kama kuna kitu hai ndani, kingeota.

"Na kisipoota?"

"Tutalala."

Siku kumi na nne zilikuwa ndefu. Mama Pacha alifua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Alikutana na yule msichana wa kufungasha sokoni, na msichana akajifanya anachagua vitunguu mpaka Mama Pacha alipopita. Mama mmoja wa jirani aliyejifungua kwa upasuaji wiki ile alirudi nyumbani, na Mama Pacha alikwenda kumwona mara tatu, kila mara akiuliza kama kidonda kinauma, kina joto, kinatoa maji, mpaka mgonjwa akamwuliza kama ameanza kusomea udaktari.

Mwalimu naye hakusahihisha gazeti hata moja. Siku ya sita alimwita mkwewe dirishani.

"Lete karatasi. Niandikie moja mpaka kumi."

"Mama, nimechoka kuchekwa."

"Sitacheka. Na sitashika kalamu. Nataka tu kuona unavyoandika ukiwa huna haraka."

Mama Pacha aliandika. Nane yake ililala ubavu. Mwalimu aliitazama, vidole vikamcheza, akaviweka chini ya mapaja akavikalia.

"Inasomeka," alisema. Halafu, kama mtu anayelipa kwa sarafu ya mwisho, "Ilisomeka tangu mwanzo."

Meneja alikuja mwenyewe. Hakupiga simu. Alisimamisha pikipiki mbele ya baraza, akavua kofia, na kabla hajafika kwenye mlango alikuwa ameshasema, "Hakuna kilichoota."

Baba Pacha aliangusha nyundo. Mama Pacha aliuliza, "Hata kimoja?"

"Hata kimoja. Pakiti zote ishirini. Na mamlaka ya dawa imejibu." Alitoa karatasi kifuani, akasoma, kidole chini ya mstari. Hoja ya tatu ilikuwa imefungwa. Kadi ya tarehe kumi na nne imekubaliwa kuwa kumbukumbu ya asili. Bechi iachiwe. Kiwanda kiwafundishe wafanyakazi wote kuandika papo hapo, kwa wino, kwa mkono wa aliyeona. Akikosea, akate kwa mstari mmoja ili kosa lisomeke, aandike kilicho sahihi pembeni na kutia jina. "Na hapa chini yule mama wa miwani ameongeza kwa mkono wake. Anauliza kama huyo askari amepata viatu vingine."

"Nimemwekea ngozi," Baba Pacha alisema. "Bure. Ila kila akipita ananiuliza kama na hii ina siri ya serikali."

Walicheka wote, meneja akakubali kukaa, na Mama Pacha aliingia ndani kuleta maji ya kunywa akakaa huko muda mrefu kuliko maji yanavyohitaji. Aliporudi macho yalikuwa mekundu na uso umenyooka. Yule mama wa jirani alikuwa anapita barabarani na mtoto wake kifuani, akitembea vizuri, bila kuinama.

Jumatatu Mama Pacha alirudi kwenye Jungu. Ukutani, pale ambapo zamani palibandikwa ukurasa wa daftari lake safi ili wenzake waige, sasa palikuwa na picha ya kadi iliyokanyagwa. Yule msichana wa kufungasha alikuja akasimama karibu. "Dada," alisema, "hivi kukata unakata kwa mstari mmoja au miwili?" Mama Pacha akamwonyesha.

Jioni aliporudi nyumbani, mikono haikubeba kitu. Mwalimu alikuwa dirishani. Kwa mazoea ya Ijumaa nyingi, ingawa ilikuwa Jumatatu, aliuliza, "Leo joto lilikuwa ngapi?"

"Mia na ishirini na mbili."

Mwalimu alifungua mdomo. Baba Pacha, barazani, aliacha kugonga. Neno lilifika mpaka kwenye meno, likaonekana kabisa, likarudi.

"Haya," Mwalimu alisema. "Mia na ishirini na mbili."